Niligoma kumaliza sahani ya maini Buseresere, karasha la Bi Zuhura likazima: stori ya ini langu lililojaa mafuta

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na kupita. Ila juzi nimeona uzi wa vitambi, watu wanataniana kurasa na kurasa na hakuna aliyegusa habari ya ini. Mimi limenigusa, kwa hiyo leo naandika.

Yote haya yamenipata mimi mwenyewe. Sitapamba, na nisipojua kitu nitasema sijui.

Kidogo kuhusu mimi. Ni mtoto wa Ushetu, kwenye tumbaku. Nilimaliza form four, matokeo yakawa ya kawaida, nikaaga nyumbani kwamba naenda Kahama kununua viatu. Sijarudi kukaa kule hadi leo, na sasa niko kwenye arobaini na kitu.

Nimezunguka ukanda huu wote wa dhahabu. Pembezoni mwa Bulyanhulu, Geita, na vichaka vingine ambavyo tulivikuta havina hata jina. Watu wakihamia rashi mpya, yaani machimbo yaliyoibuka ghafla, na mimi nafunga boksi la spana.

Kazi yangu ni fundi wa karasha. Kwa wasiolijua, ni lile pipa la chuma linalozungushwa na mota, ndani lina gololi kubwa za chuma zinazosaga mawe kuwa unga, halafu unga ndiyo unaoshwa kutafuta dhahabu.

Enzi zile nilikuwa mwembamba, wakuu. Boksi la spana kwenye karia ya baiskeli, asubuhi nakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga mfukoni, jioni niko kijiji kingine. Bado nakumbuka moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku alfajiri na ile baridi ya njiani.

Tuendelee.

Sasa huku kwenye mialo, yaani sehemu za kusagia mawe na kuoshea dhahabu, kuna utaratibu ambao sijui nani aliuanzisha. Karasha likiharibika na fundi akalitengeneza, halimwagiwi jiwe hata moja mpaka fundi ale kwanza. Analetewa sahani mbele ya karasha, watu wenye mawe yao wamesimama na viroba, wanamwangalia.

Imani yao ni kwamba fundi akila vizuri, karasha nalo litakula vizuri. Fundi akidonoadonoa, karasha litasusa mawe.

Na sahani yenyewe ni maini ya kukaanga, chipsi pembeni, soda mbili za baridi. Maini ndiyo heshima.

Hebu fikiria mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza makarasha, kila siku mwalo mwingine, kila mwalo sahani. Miaka ikapita. Baiskeli nikaiacha, nikawa wa bodaboda. Bodaboda wenyewe wakaanza kunikwepa kwenye vilima.

Kitambi nilikipenda, sitaficha. Fundi mwenye kitambi anaaminika, maana wateja wanaona makarasha anayotengeneza yanakula. Kitambi kilikuwa kibao changu cha biashara.

Siku iliyonishtua nilikuwa Geita. Niliingia chini ya karasha kukaza bolti za bearing, nikakaza vizuri tu. Kutoka sasa. Nikajivuta, tumbo likakataa. Nikageuka ubavu, likakataa pia. Wachimbaji wakanishika miguu na kunivuta kama gogo, huku mmoja anasema, "Taratibu jamani, msije mkatoa fundi mkaacha tumbo."

Nilicheka nao. Ila upande wa kulia chini ya mbavu kulikuwa kunauma, na siyo siku hiyo tu. Nilikuwa nachoka pia, uchovu ambao hauishi hata ukilala.

Nikampigia mke wangu, Mama Neema, yuko Kahama. Hakucheka. Akaniambia, "Baba Neema, kaka yako alianza hivyo hivyo. Nenda hospitali."

Hapo niseme jambo moja. Kaka yangu mkubwa alifariki tumbo limejaa maji na macho ya njano. Pombe alikuwa hanywi hata kidogo. Kijijini walisema kalogwa kwa sababu ya shamba. Mwishoni hospitali walisema ni ini, lakini tulishachelewa. Na yeye alikuwa bonge kama mimi.

Kwa hiyo kwenye benchi la hospitali sikuwa na utani wowote. Nilikuwa najiuliza kama ni zamu yangu.

Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia shikamoo baba kabla sijakaa. Akanipima damu, akanipeleka ultrasaundi, akaniuliza kuhusu pombe mara mbili mbili kana kwamba haamini. Siku ya majibu akasema ini langu limejaa mafuta.

Nikamwambia, "Daktari, nahisi ni la ukoo. Nimerithi."

Akasema inawezekana kuna sehemu nimerithi, lakini nisikimbilie huko. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomweleza akatabasamu, akauliza, "Baba, pale kazini kwako, makarasha mangapi yako kwenye mainswichi moja?"

"Hata manne."

"Yote yanawaka kila siku?"

"Hapana. Inategemea mawe yaliyoletwa."

"Basi na ini liko hivyo. Inategemea unaliletea nini."

Akanieleza polepole. Kwamba kila seli ya ini ina jeni nilizopewa na baba na mama, na kitambi hakijazigeuza kuwa jeni nyingine. Kinachogeuka ni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimepunguzwa, kama swichi.

Mtu akinenepa sana, zile jeni za kutengeneza na kuweka mafuta zinawaka kupita kiasi. Nyingine, za kuita askari wa mwili, nazo zinaamka, ini linaanza kuvimba ndani kwa ndani bila adui kuwepo. Na zile zinazosaidia ini kusikiliza insulini na kupanga sukari zinavurugika. Ukipungua, nyingi zinaanza kurudi kwenye hali yake.

Nikashika hilo neno. "Nyingi, siyo zote?"

"Nyingi. Nyingine zinachelewa. Na kuna ambazo watafiti bado wanabishana kama zinarudi kabisa."

Wataalamu wa humu mtanisahihisha kama nimekosea. Na mjue hawakunipima jeni, hapo hospitali hawana kipimo hicho. Walichopima ni damu na picha. Habari za swichi alinieleza ili nielewe kwa nini kupungua siyo suala la suruali tu.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonitoa pale nikiwa na nguvu. "Baba, ini lako halijaingia makovu. Likiingia makovu, mazungumzo yetu yatakuwa mengine. Sasa hivi bado una nafasi."

Kaka yangu hakuipata hiyo nafasi. Nilitembea kwa miguu hadi nilikofikia, boksi la spana begani, na njiani nilipita vibanda vya chipsi bila kugeuka. Sawa, kimoja niligeuka.

Nikaanza. Soda nikaacha kabisa. Vya kukaanga nikaviweka mbali. Nikarudi kwenye ugali kiasi, mboga za majani nyingi, dagaa, michembe kidogo. Bodaboda nikawa napanda safari ndefu tu. Daktari alisema nisishindane na mtu, nishuke taratibu.

Nikaanza kupungua. Na hapo ndipo shida ya pili ikaanza, shida ya watu.

Huku kwetu ukipungua hakuna anayekupongeza. "Fundi umepukutika, vipi?" Mwingine ananivuta pembeni: "Dawa unapata lakini?" Kuna mzee mmoja wa Geita niliyemfanyia kazi miaka mingi, alinishika mkono muda mrefu sana, ananiangalia kwa huruma, nikajua huyu ananiaga.

Mama Neema peke yake ndiye aliyekuwa anafurahi. Nilipofika Kahama alinizunguka akasema, "Sasa naona kidevu kimoja. Kile cha pili umekiuza wapi?"

Kazi nazo zikapungua. Fundi aliyekonda, nani ampe karasha?

Ndipo nikapigiwa simu kutoka Buseresere. Bi Zuhura.

Huyu mama ni mfanyabiashara wa siku nyingi, wazee wake walitokea Ujiji, Kiswahili chake kimenyooka na ulimi wake haumwogopi mtu. Ana karasha kubwa pale, limekufa, wateja wake wanataka kuhamisha mawe kwa jirani. Alikuwa ananikumbuka tangu nikiwa bonge kamili.

Nikashuka kwenye gari, nikamkuta kakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya banda.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba." Akaniangalia juu hadi chini. "Nimemwita fundi, wameniletea mdogo wake."

"Ni mimi mwenyewe Bi Zuhura."

"Basi nusu yako iko njiani. Haya, anza na hiyo iliyofika."

Nikalifungua. Bearing ilikuwa imekwisha na shafti imepinda kidogo. Safari hii niliingia chini na kutoka bila kuvutwa miguu, mkuu, raha niliyoisikia pale siwezi kuieleza. Nikanyoosha, nikabadilisha, nikaliwasha tupu. Likaimba.

Mama Kulwa, mpishi wa pale, akaja na sahani.

Maini, wakuu. Yamekaangwa na vitunguu, yanang'aa. Chipsi kama kilima. Soda mbili zinatoa jasho. Na wachimbaji wamesimama na viroba vyao, wa mbele kabisa ni bwana mmoja anaitwa Luhende, Msukuma mwenzangu, mdomo hauna breki.

Nikala vipande vitatu. Vitamu, sitadanganya. Nikanawa.

Hakuna aliyeinua kiroba chake.

"Fundi," akasema Bi Zuhura, "maliza."

"Nimeshiba Bi Zuhura. Mungu akubariki."

Luhende akadakia, "Nkoi, rafiki yangu, vipande vitatu? Hata paka wa Mama Kulwa anakula vinne."

"Karasha litalala njaa hili," akasema mwingine nyuma.

Nikaona bora niseme ukweli. Nikawaeleza habari ya ini, mafuta, kaka yangu, daktari, mpaka zile swichi za jeni. Walinisikiliza kweli. Nilipomaliza Luhende akauliza, "Kwa hiyo ndani ya ini lako kuna mainswichi?"

"Mfano tu, Luhende."

"Na ni fundi gani anaingia kuzima?"

Wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. Akasema, "Mimi nasikitika kwa kaka yako, na daktari wako simpingi. Lakini hawa watu mawe yao ni jasho lao. Likizima leo, nitawaambia nini? Kwamba fundi ana swichi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini pia sikuishika ile sahani. Nilimkumbuka kaka yangu alivyokuwa anashindwa kufunga mkanda kwa yale maji, nikaweka mikono mfukoni.

Mwisho akaruhusu wamwage mawe, kwa uso wa mtu anayeruhusu msiba. Mimi nikaenda zangu kivulini, upande wa pili wa banda, kupanga vifaa.

Mchana haujaisha, nikasikia karasha limebadilisha sauti. Likawa linaguna. Halafu harufu ya mpira unaoungua. Halafu kimya.

Nilipofika wote walikuwa wananitazama. Luhende akasema kwa sauti ya upole kabisa, ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Tulisema."

Bi Zuhura akanionyesha sahani, bado imefunikwa na sinia. "Fundi, rudi ukale."

Nikasema, "Ngoja nifungue kwanza."

Nikashika spana. Ikiwa ni bearing yangu, basi kazi yangu ukanda mzima imekwisha, na kila mwalo watasema fundi yule alikonda hadi mikono. Na hata kama siyo bearing, wakishaamini ni sahani, nitalazimika kuchagua kati ya ini na mkate wa watoto.

Nikafungua mfuniko wa pipa.

Wakuu, lilikuwa limejaa mawe hadi mdomoni. Hata mkono hauingii. Gololi zimezikwa huko ndani hazionekani.

"Nani amemwaga?"

Watu wanaangalia viatu.

"Luhende?"

"Tuliongeza kidogo."

"Kidogo gani?"

Akajikuna shingo. "Sasa wewe hukula, nkoi. Tukasema basi walau lenyewe lishibe. Tukalijazia na fungu lako."

Bi Zuhura akakaa juu ya kiroba. Nilidhani amekasirika, kumbe bega linatikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yaani fundi kagoma kushiba, mkalishibisha karasha langu."

Nikawaonyesha. Karasha ili lisage, gololi lazima zipate nafasi ya kupanda na kudondoka. Ukilijaza, gololi zinalala ndani ya mawe, mota inavuta nguvu zote, mkanda unaungua, na unga hautoki. Bearing nikaikagua mbele yao. Nzima.

Mama Kulwa alikuwa anasuuza sufuria pale pembeni. Akasema bila kuinua kichwa, "Sasa si ndiyo hilo la ini lake? Limeshindiliwa, linafanya kazi mchana kutwa na kazi haionekani."

Huo mfano daktari angeweza kuukosoa, maana ini siyo pipa. Lakini pale uliingia kuliko maneno yangu yote ya asubuhi. Niliona nyuso zao zinabadilika.

Luhende akanipiga bega. "Kwa hiyo na wewe mkanda wako ulikatika?"

"Ulikuwa unanuka tu. Niliwahi."

Tukatoa mawe kwa sepeto, nikafunga mkanda mpya, tukaliwasha. Likatoa ule mngurumo mzuri wa gololi zikidondoka, na unga ukaanza kushuka laini kama wa sembe. Hakuna aliyeondoka pale mpaka kiroba cha kwanza kilipojaa.

Bi Zuhura akaifunua ile sahani, akawagawia wachimbaji wote kipande kimoja kimoja. Mimi akanipa maji. "Kunywa, nikuone."

Na hamtaamini nilichokikuta niliporudi pale miezi kadhaa baadaye. Fundi mwingine alikuwa ameitwa nikiwa mbali, bwana mmoja mwenye mwili wake. Akala sahani nzima na kuomba mchuzi. Wachimbaji wakaingiwa na wasiwasi, wakamwomba abakize japo vipande viwili, karasha lisije likavimbiwa. Imani haikufa. Imegeuka upande tu. Nimewaacha nayo, maana ile mpya haimuumizi fundi.

Siku ya kurudi hospitali nilienda na Mama Neema. Nilikuwa na hofu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza sikuwa nimefanya chochote, na sasa nilikuwa nimefanya kila kitu. Kama ini limekataa, sina kingine cha kutoa.

Daktari alipitisha kile kifaa chenye ute wa baridi tumboni, akarudia, akaangalia majibu ya damu. Kisha akageuza skrini tuone, kana kwamba tungeelewa.

"Mafuta yamepungua sana baba. Na damu imetulia. Umeliwahi."

Mama Neema akanishika mkono. Mimi nikajifanya nafunga kifungo cha shati.

Halafu daktari akaongeza, na hili ndilo nawaachia wenzangu mnaopungua. Akasema picha nzuri haimaanishi kila swichi imerudi ilipokuwa. Kuna ambazo huenda ini bado linazikumbuka, na mwili uliowahi kunenepa unaweza kurudi kule haraka ukiuachia. Hawezi kuniahidi zimezima zote. Anachoweza kusema ni kwamba kila siku ninayoendelea hivi, naliletea ini mawe machache, na linafanya kazi yake vizuri.

Nilitegemea hilo litanivunja moyo. Halikunivunja. Mimi nimehama kila mahali maishani, nikichoka na sehemu nafunga boksi naondoka, sijawahi kutunza hata nyumba. Hili ini ndipo mahali pa kwanza nilipokubali kukaa.

Nilichojifunza, kwa ufupi. Kitambi siyo kibao cha biashara. Ini linajaa mafuta kimya kimya, hata kwa asiyekunywa. Ukisikia maumivu na uchovu usioeleweka, nenda upimwe, hasa kama kwenu kuna aliyeondoka kwa ini. Na ukimuona mtu amepungua, muulize kwanza kabla hujamuaga.

Waliopungua na wakabaki huko, tupeni mbinu, hasa mnaofanya kazi za kulishwa na wateja. Madaktari na watu wa maabara, hapo kwenye jeni nirekebisheni bila kunionea huruma. Wauza dawa za kusafisha ini, piteni kimya, PM yangu imejaa.

Naingia Katoro kesho, kuna karasha linaguna. Nitasoma maoni njiani, natembea kwa miguu.